Nyumba Isiyo na Pua

Nyinyi vijana mnaonijia na simu zenu, mkinionyesha picha za nyumba na kuniuliza, "Mzee, hii unaionaje?", mimi huwauliza swali moja tu na mnanuna. Jikoni ni wapi? Mnanionyesha sebule. Nauliza tena, jikoni ni wapi? Mnanionyesha geti. Basi nawarudishia simu na kuendelea na chai yangu.

Nilishika mwiko wa uashi kwa zaidi ya miaka thelathini, hapa Kiogoro na mjini Kisii, na kazi za kuitwa Nyamache, Mosocho, mpaka ndani Nyamira. Magoti yamegoma, lakini mdomo bado uko kazini. Shauri langu kwenu ni hili. Kabla hujamchorea mtu nyumba, omba kuketi jikoni mwake. Kaa kwenye kigoda, mlango ufungwe jinsi wanavyoufunga mvua ikinyesha, ukae humo tangu maji yanapobandikwa motoni mpaka ugali uive. Usitoke. Ukitoka kabla ya hapo, rudi ukajifunze kuuza mitumba.

Mke wangu Kemunto, ambaye namsomea haya kwa sauti kwa kuwa macho yake hayaoni herufi tena, ananiambia niache kuwatisha watoto wa watu nifike kwenye habari ya mbuzi. Tutafika kwa mbuzi. Lazima kwanza waelewe nilikuwa mjinga wa aina gani.

Miaka ya tisini, bonasi ya majani chai ikitoka, malori ya mchanga yalipanda vilima vyetu yakinguruma wiki nzima. Kila mtu alitaka nyumba ya pamanenti, ya matofali na saruji. Na nyumba ya pamanenti, kwa mteja wa Kisii wa siku hizo, ilikuwa kitu cha kuonekana kutoka barabarani. Upande wa barabara niliwekewa oda ya madirisha makubwa ya vioo. Upande wa nyuma, ambako ndiko watu wanakoishi kweli, niliambiwa niache kitundu kidogo ambacho kuku angefikiria mara mbili kabla ya kupita. Kisha nyumba ikishaisha, mwenyewe analeta kabati la vyombo na kulisimamisha mbele ya lile dirisha kubwa, halafu anatundika pazia, halafu anawasha taa saa sita mchana ili aone sukari iko wapi.

Juu tulipiga mabati bila dari. Mchana familia ilipikwa, jioni iligandishwa. Wakisikia baridi wanaingiza jiko la makaa ndani, wanafunga mlango, na asubuhi wanaamka na kichwa kinauma wanamlaumu jirani kwa jicho baya. Mimi fundi wao nilikuwa nakubali kabisa kwamba jirani yule ni mtu mbaya.

Nyumba za nyasi za mama zetu zilikuwa na kasoro zake, lakini moshi ulikuwa unapenya kwenye nyasi na kwenda zake. Tulipoleta mabati tulikuta pengo kati ya ukuta na paa, na pengo hilo lilitukera kwa sababu halikuwa nadhifu. Sasa hapo ndipo nilipopatia jina. Mimi nilikuwa bingwa wa kuziba. Nilikuwa nachanganya saruji laini, napanda ngazi, na kuziba lile pengo kuzunguka nyumba yote mpaka mende akatafute kwao. Watu walitoka Mosocho kuja kuangalia. Walikuwa wanasimama chini, wanainua videvu, wanasema, "Huyu mkono wake haupitishi hata upepo." Nami nikawa najiona.

Halafu kulikuwa na wazimu wa chimni. Ulianza na mwalimu mkuu mmoja wa kule Nyamache aliyekuwa ameona nyumba za zamani za mameneja wa mashamba makubwa ya chai. Akaniita.

"Fundi, nataka chimni hapa," akasema, akionyesha ukuta wa sebule.

"Moto utawaka wapi, Mwalimu?"

"Moto gani? Mimi nimesema chimni."

Mke wake alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kibanda cha nyuma kisicho na dirisha, anafuta macho kwa pindo la leso. Akauliza kwa upole, "Na hiyo chimni, mimi itanisaidia nini huku?" Mwalimu mkuu hakumjibu. Mimi pia sikumjibu, maana si yeye aliyeniita. Nikajenga chimni ya matofali mazuri, nikaipiga plasta, ikasimama juu ya paa bila moto wala moshi. Mwezi wa pili bundi akahamia. Mwalimu mkuu, mtu wa sayansi, akakataa kulala sebuleni upande ule, akatafuta mtu wa kuombea nyumba. Habari ikaenea, na msidhani iliniharibia kazi. Watu walikuja wakitaka chimni kama ya Mwalimu, ila wakiniambia niifunike juu kwa bati ili bundi asiingie. Nilizijenga. Mmoja wa Mosocho alitaka mbili ili zilingane.

Aliyenitoa ujinga alikuwa Bwana Jayanti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Familia yake iliishi nyuma ya duka, na babu yake ndiye aliyelijenga. Nilikuwa nimenunua saruji kwake miaka mingi bila kuangalia juu. Siku moja, jua la mchana likiwaka, nilikuwa nimeketi juu ya mifuko nikingoja gari, nikagundua sitoki jasho. Maduka ya pande zote mbili yalikuwa yamewasha taa na wenyewe wanajipepea kwa makaratasi. Kwa Jayanti hapakuwa na taa hata moja, na nilikuwa nasoma maandishi kwenye mfuko wa saruji.

"Bwana Jayanti, hapa kwako kuna mashine ya baridi?"

Akacheka. "Mashine? Umeme wa Kisii inajua mashine? Angalia juu."

Nikaangalia. Kuta za mbele na za nyuma zilikuwa na tundu za hewa chini kidogo ya paa, zinatazamana, zimewekewa waya wa kuzuia popo. Katikati ya paa kulikuwa na bati moja la plastiki linalopitisha mwanga. Chini ya mabati kulikuwa na dari ya mbao. Nyuma kulikuwa na ua mdogo, na upande mmoja wa ua, jiko la mama yake, kikongwe aliyekuwa akikaanga vitunguu mbele ya dirisha pana huku akinitazama kama mtu anayekula saruji bila kulipa. Moshi ulikuwa unapanda kwenye bomba kabla haujamfikia.

Nikamwambia Jayanti kwamba hata mimi najenga vizuri, aje aone. Kijana, usimwalike mtu aone kazi yako kama hutaki aione. Jumapili moja alikuja Kiogoro na gari lake, nikampeleka kwa mteja wangu mmoja. Akazunguka nyumba mara mbili, mikono nyuma.

"Fundi, hii nyumba iko na mdomo," akasema, akigonga mlango. "Iko na macho, hii vioo. Pua iko wapi?"

"Pua?"

"Nyumba inapumua na nini? Wewe umeshika yeye pua, umekamata hivi." Akabana pua yake kwa vidole viwili, akaongea kwa sauti ya mafua: "Halafu unasema kazi safi."

Jikoni mama wa nyumba ile alikuwa anabandika maji. Jayanti akachungulia, akarudi nyuma akikohoa, akanionyesha kigoda. "Kaa hapo mpaka ugali iive. Mimi nangoja kwa gari."

Nilikaa, kwa kiburi tu. Machozi yalianza kabla sijajipanga. Pua ikafuata. Nilijaribu kuinama chini ya moshi kama mtu anayetafuta sindano, na yule mama akawa anacheka mpaka mwiko wa ugali unamponyoka. "Fundi, hata unga sijatia," akaniambia. Nilikaa mpaka ukaiva, nikatoka nikiwa sioni gari liko wapi. Jayanti akafungua mlango, akanipa kitambaa, akawasha gari.

Tangu siku ile nikawa mhubiri. Kila mteja nilimwambia: tundu za hewa juu, pande mbili zinazotazamana, moja haitoshi. Dirisha la jikoni liwe karibu na moto, si nyuma ya mlango. Vyumba vya kulala vipate jua la asubuhi. Juu ya msingi, kabla ya kupandisha ukuta, tandaza ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu, hata mteja akikuambia hiyo ni gharama ya bure. Jiko la moshi libomolewe lijengwe la udongo, lililoinuka, lenye mdomo mmoja wa kuni na bomba la kutolea moshi, maana mafiga matatu yanakula kuni za siku tatu kwa siku moja. Na dari, hata ya mikeka. Wateja walinisikiliza kwa heshima, kisha wakaziba zile tundu kwa magunia nikishaondoka. Walisema baridi inaingia. Mmoja aliniambia si baridi tu inayoingia, akanikonyeza akielekeza kidevu kwa jirani.

Sifa zikafika mbali mpaka nikaalikwa kwenye semina mjini ya makazi yenye afya. Wataalamu walikuwa wametoka Nairobi. Ukumbi wenyewe madirisha yake yalikuwa yamepigwa misumari kwa ajili ya wezi, na mapazia mazito yakafungwa ili picha zionekane ukutani. Tulikuwa watu wengi humo, tumevaa suti za kanisani, tunafundishwa faida za hewa safi. Baada ya saa mbili mzee mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono akauliza kama dirisha moja linaweza kufunguliwa. Mtaalamu, jasho likimdondoka kwenye karatasi, akasema maswali yatachukuliwa mwisho. Cheti nilichopewa siku ile bado ninacho. Kina alama ya kidole chenye jasho, sijui cha nani.

Sasa tufike kwangu.

Mwanangu wa kwanza ni Ombati. Nyumba yake niliijenga mimi, mwaka aliomaliza shule, kabla Jayanti hajanikalisha kwenye kigoda. Kuta za udongo zilizopigwa plasta ya saruji, mabati juu, vyumba vitatu: sebule, chumba cha kulala, na jikoni chini ya paa hilo hilo. Nikaiziba mwenyewe, kwa ule ubingwa wangu wote. Kisha Ombati akapata kazi ya ukarani kiwanda cha chai upande wa Nyamira, akamwoa Moraa wa huko huko, akamleta nyumbani. Na siku Moraa alipoingia, mimi nilitoka kwa mara ya mwisho.

Wasiojua desturi zetu nitawaeleza. Kwetu Wakisii kuna chinsoni, sheria za heshima na haya kati ya wazazi na watoto, na zaidi kati ya baba na mke wa mwanawe. Baba haingii nyumba ya mwana aliyeoa. Utasalimia ukiwa uwanjani, utaletewa kiti nje, utakunywa uji nje, na ukinyeshewa utakimbilia kwako. Nilikuwa nimejenga nyumba, nimeyafungia makosa yangu ndani, na ufunguo nikaupa desturi.

Kwa miaka miwili sikujali. Kisha mtoto akazaliwa, msichana, tukampa jina la mama yangu, Kwamboka. Mama yangu alizeeka akikohoa na macho mekundu, na sisi wanawe tulisema ni uzee. Huyu mdogo alizaliwa mwaka ule wa mvua za El Nino, mvua isiyojua kupumzika. Kuni mbichi, mlango umefungwa, Moraa anapika na mtoto yuko mgongoni. Kila jioni nilikuwa naketi barazani kwangu, ng'ambo ya uwanja, nasikia kikohozi kidogo, kikavu, kinatoka ndani ya ukuta wangu mwenyewe. Watu hawaamini, lakini niliweza kujua maji yameanza kuchemka kwa kukihesabu.

Walimpeleka hospitali mara mbili. Mara ya pili daktari akamuuliza Moraa, "Unapikia wapi?" Moraa akainama kumfunga mtoto mgongoni, kwa sababu jibu lingemtaja baba mkwe. Kemunto aliyemsindikiza ndiye aliyeniletea maneno ya daktari. Kifua cha huyu mtoto, alisema, hakitastahimili mara ya tatu. Kemunto alinieleza hivyo huku anafuta macho kwa leso na kujikohoza kidogo, tabia yake ya siku nyingi. Nikadhani analia kwa ajili ya mjukuu.

Mtaniuliza, si ungemwita fundi mwingine? Kijana, ningemwita fundi mwingine atoboe ukuta wa bingwa, habari ingefika Mosocho kabla yeye hajakunja mikono ya shati. Ndiyo. Mtoto anakohoa na mimi nahesabu jina langu. Ombati naye alikuja Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili, nikimwambia habari ya dirisha ananijibu, "Lakini tata," yaani baba, "wewe ndiye uliijenga." Mchungaji wetu wa Sabato akasema hayo ni mambo ya kale, niingie tu nitengeneze. Nikamuuliza kama yeye ameshaingia kwa mwanawe. Akaangalia saa.

Basi nikaamua nitatoboa kutoka nje. Shida ni kwamba Moraa alikuwa amehamisha mambo humo ndani. Meko yalikuwa yametoka mahali nilipoyajua, kukawekwa rafu ya vyombo, na ukuta wa katikati Ombati alikuwa ameusogeza ili apanue chumba. Sikujua ni kiasi gani. Nikamtuma Kemunto aingie apime tangu kona mpaka kwenye meko.

"Pima kwa shubiri," nikamwambia. "Kumi na ngapi?"

Akaingia, akatoka. "Kumi na tano."

Nikapima kumi na tano kwa nje, nikatia alama ya makaa, nikashika patasi na nyundo. Fundi wa miaka ishirini kazini, niliyewahi kuwafukuza watu kazini kwa kutotumia futi, nilikuwa nimesahau kwamba mkono wangu na mkono wa mke wangu si mkono mmoja. Shubiri zake kumi na tano ni kama kumi na mbili zangu. Udongo ukaanza kuanguka upande wa ndani, nikatoa fito mbili, na nikafanya anachofanya kila fundi. Nikaweka jicho nione nimefika wapi.

Niliona kitanda. Niliona blanketi la maua mekundu na gauni la Sabato la Moraa limening'inia msumarini.

"Baba Ombati!" Kemunto, aliyekuwa amerudi ndani kungoja tundu, akapiga kelele kutoka mlango wa jikoni. "Toa jicho! Toa jicho hapo!"

Nilitoa jicho. Nikatoa na miguu pia, nikaacha patasi, nyundo na kofia. Kemunto akaziba lile tundu kwa leso yake mpaka udongo ulipopatikana. Lakini Kiogoro haina siri, na kabla ya maziwa kukamuliwa watu walikuwa wanapita njia ya nyumba yetu ambao hawana ng'ombe wala shamba upande ule.

Wazee wakakaa siku mbili. Walijadili jicho langu. Je, liliingia nyumbani, au lilibaki nje na kutazama tu? Mmoja alisema jicho ni mtu mzima. Mwingine alisema kama mwili haukuingia basi ni kosa nusu. Wakauliza ni la kulia au la kushoto. Nilijaribu kutaja kikohozi, nikaambiwa hilo si jambo la kikao. Mwishowe wakaamua nitoe mbuzi, nikatoa. Alichomwa uwanjani, na moshi wote ukaenda juu mbinguni bila kumsumbua mtu. Nilipokuwa nagawa nyama nilikisikia kile kikohozi tena kutoka ndani, na wazee wakainua sauti kidogo ili wasikilizane.

Kemunto anacheka hapa. Anasema mbuzi yule alikuwa wake.

Siku ya tatu baada ya mbuzi, nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba ya Ombati, mbali kidogo na ukuta, natazama kile kiraka cha udongo mbichi na kujionea huruma. Nikasikia kitu kinakwaruza. Plasta ikapasuka karibu na bega langu, na ncha ya mti wa kuni ikatokeza ukutani. Ikaingia, ikatoka tena, ikatulia hapo hapo.

"Tata," sauti ya Moraa ikasema kutoka ndani. Msichana yule hakuwahi kuniambia neno zaidi ya salamu. "Meko yako hapa. Toboa kuzunguka huu mti. Mimi natoka na mtoto nje mpaka umalize."

Nilitoboa. Sikuweka jicho. Nilikata dirisha la mikono miwili kwa mkono na nusu, nikatia fremu, na juu kabisa nikavunja kile kiziba changu cha saruji upande ule, na upande wa pili ili hewa ipite moja kwa moja. Watu walikuwa wananitazama nikibomoa kazi iliyonipa jina. Mkono uliuma kuliko siku niliyoijenga.

Jiko lenyewe lilijengwa na Moraa. Mimi nilikaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, uso kwa migomba, nikitoa maagizo kama mwalimu wa redio. Udongo wa kichuguu, nikasema, changanya na mchanga na majani makavu yaliyokatwa.

"Tata, mchanga wako ni mwingi," akasema. "Utapasuka."

"Mimi nimejenga majiko haya mpaka Nyamira."

"Mimi nimetoka Nyamira," akasema. "Yamepasuka."

Nikamwachia mchanganyiko. Akatia mavi ya ng'ombe na majivu, akapunguza mchanga, akafinyanga kwa mikono yake mdomo mdogo wa kuni kuliko niliomwambia. Bomba nililipitisha mimi kutoka nje. Tuliliacha likauke majuma mawili huku akipikia kwenye kibanda cha muda nje. Mpaka leo halina ufa, na zigo la kuni lililokuwa linaisha Jumanne lilifika Ijumaa. Tangu hapo majiko yote niliyoyajenga kwa watu yalikuwa ya mchanganyiko wa Moraa. Sikumtaja. Namtaja sasa.

Jioni ya kwanza moto ulipowashwa nilikaa barazani kusikiliza. Nilisikia kijiko kinagonga sufuria. Nilisikia Moraa anaimba wimbo wa kanisani. Nilingoja kikohozi mpaka chakula kikaisha, kikaja mara moja, na kesho yake mara moja. Ilipofika wiki ya tatu nikasikia Kwamboka anacheka ndani ya ile nyumba. Nililia. Nasema wazi, nililia barazani, mchana kweupe, bila moshi wowote.

Kesho yake nilipita nyuma ya nyumba kuangalia kama bomba limekaza. Moraa alikuwa kazini ndani.

"Tata, asante," akasema kupitia dirishani. "Sasa kwa mama utatoboa lini?"

"Kwa mama wapi?"

"Huko kwenu."

"Kule hakuna mtoto," nikasema.

Nilisikia akichochea moto. "Yeye ndiye yuko humo tangu wewe ulipomjengea," akasema.

Jikoni mwa Kemunto hakukuwa na chinsoni ya kunizuia. Hakukuwa na wazee wala mbuzi. Jiko lake lilikuwa nyuma ya nyumba yangu, hatua ishirini kutoka kwenye kiti changu, na nililijenga mwenyewe mwaka tuliooana, nikaliziba mwenyewe. Nilikuwa nimeketi majikoni mwa watu Nyamache, Mosocho na Nyamira. Kwangu chakula kililetwa mezani kikiwa kimefunikwa, na aliyekileta alikuwa anafuta macho.

Mvua ilianza jioni ile. Nikasukuma mlango, nikaingia. Kemunto akanitazama.

"Umepotea? Chakula kitaletwa."

"Nimekuja kuketi."

Akanisogezea kigoda, akafunga mlango kwa ajili ya mvua, akabandika maji. Kuta zilikuwa nyeusi, na kule juu, kati ya ukuta na paa, saruji yangu ilikuwa inang'aa masizi, safi, haina ufa hata mmoja. Nilianza kukohoa. Yeye hakukohoa, alijikohoza kidogo tu, akafuta macho, akapuliza moto. Nilikuwa nimemwona akifuta macho hivyo tangu tulipokuwa vijana na sikuwahi kuuliza.

Kesho yake nilibomoa ukuta mmoja karibu wote. Daktari wa macho tuliyempata baadaye alikuwa mtu mpole, hakutulaumu, alisema tu kwamba tulichelewa.

Nimemsomea mpaka hapa. Amepapasa meza akaipata chai yake, kisha akaniuliza kama nimeandika kwamba siku ile nilitoka nje maji hayajachemka, nikamwacha akapika peke yake mpaka ugali ukaiva.

Nimemwambia nimeandika.